Pedali ya Kushoto ya Shemeji

Kisebu hakuwahi kukubali kitu kwa mara ya kwanza. Ukimkaribisha chai, "Ah, sitaki, nimeshakunywa," huku mkono mmoja unavuta kiti na wa pili unatafuta sukari. Ukimwita aangalie gari, "Leo siwezi, nimebanwa kweli," na kabla hujamsihi ameshaingia uvunguni, miguu tu ndiyo inayoonekana. Dada yake ndiye aliyempa jina hilo utotoni, kwa ule msemo wa kisebusebu na kiroho papo, nalo likamganda kama gundi. Hata siku ya kumzika, kiongozi wa sala alilitaja hilo badala ya lile la kwenye kitambulisho, na waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Mungu atusamehe. Yeye mwenyewe asingependa watu walie bila kupumzika.

Alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba, uwanja wa saruji wenye madoa ya mafuta, paa la mabati upande mmoja, na meza ya kazi iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao bado ulikuwa na kitasa. Gari likiletwa, alianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi na kukinusa, macho ameyafumba, kama mpishi anayeonja mchuzi. Mafuta mazima hayana makelele puani, alisema. Yaliyoungua yananuka kama mkate uliosahauliwa jikoni. Na hakufunga giaboksi hata moja bila dua yake fupi: "Ee Mola, kama kuna bolti imebaki mezani, nionyeshe sasa, si kesho mbele ya mwenye gari."

Kazi aliipenda, lakini utani aliupenda zaidi. Jirani yake muuza spea alikuwa na domo lisilo na mlango, akisema watu asubuhi mpaka jioni. Alipoleta gari lake lirekebishwe, Kisebu aliunganisha honi na pedali ya breki. Muuza spea akapita mtaa mzima anapiga honi kila anapopunguza mwendo, na kila mtu aliyemsema akadhani anasalimiwa. Alirudi amevimba kwa hasira. "Sasa unalalamika nini?" Kisebu akamwambia. "Leo umewasalimia hata wale usioongea nao. Thawabu hizo!"

Lakini mtani wake wa kweli alikuwa shemeji yake, mume wa huyo dada. Shemeji alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, yale yenye tela, na alistaafu akiwa hajawahi kuligusa gari lisilo na klachi. Watoto wake wakaona wamfanyie wema, wakamnunulia gari dogo la otomatiki, zee kama yeye. Alilipokea kama mtu aliyepewa mkongojo kabla hajachechemea.

"Hili si gari," alisema. "Hiki ni kiti cha kinyozi chenye magurudumu."

"Basi kaa unyolewe, shemeji," Kisebu akamjibu.

Hata hivyo aliliendesha, kwa sababu moja tu. Kila mwezi yeye na mkewe walikwenda kumwona mama mkwe, yaani mama yake Kisebu na dada yake, aliyekuwa mzee sana na haamki tena kitandani bila kushikwa. Njia ya kwenda huko ina mlima mrefu usio mkali, unaopanda polepole kama homa ya jioni. Na kila walipoufikia, giaboksi ilichemka. Mara ya mwisho, dada alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, juani, kusubiri gari lipoe, mpaka akaishiwa nguvu na wapita njia wakammwagia maji.

Ndipo mtoto wao wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipowaketisha sebuleni. Alikuwa kijana mtulivu, anayependa wazazi wake kwa namna ya kuwapangia mambo.

"Baba, sitaki kusikia tena kuwa mama ameanguka barabarani. Jumamosi mnakwenda, na mimi nakwenda nanyi. Gari likichemka mlimani, likirudi tunaliuza. Mtakuwa mnakwenda kwa basi."

"Basi?" Shemeji alimtazama kama ameambiwa atabebwa mgongoni. "Mimi? Nikae nyuma ya dereva, nisikilize anavyochinja gia?"

"Baba, umri nao umekwenda."

Shemeji akashusha macho. Mikono yake, ile iliyozoea usukani mkubwa kama sinia, aliiweka magotini na kuitazama. Kisebu aliyaona hayo. Alikuwa amepita tu, kwa maneno yake, na kikombe cha pili cha chai kilikuwa mkononi.

"Mimi simo," alisema. "Mambo ya mume na mke na watoto wao, mimi sitaki kabisa." Akanywa chai, akaweka kikombe. "Ufunguo uko wapi?"

Siku ile ile aliingia uvunguni, na akaona tatizo kabla mgongo haujazoea saruji. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna konveta, bakuli la chuma lililojaa mafuta. Injini inayasukuma mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Kisebu aliwaeleza wateja kwa feni mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, ya pili itazunguka kwa upepo wa mwenzake, lakini haitamfikia kamwe. Upungufu huo ndio unaogeuka kuwa joto. Kwa hiyo ndani ya bakuli wenye akili waliweka kufuli. Mwendo ukishatulia kwenye gia ya juu, valvu ndogo ya umeme inaruhusu mafuta yapite, kufuli linakamata, na injini na giaboksi vinazunguka pamoja kama maharusi. Joto linashuka.

Katika gari la shemeji, waya wa valvu hiyo ulikuwa umekatwa zamani na kufungwa fundo. Nani aliukata, Mungu anamjua. Kwa miaka yote hiyo kufuli halikuwahi kufunga.

Kisebu akaamua kulitengenezea njia mpya, isiyotegemea kisanduku cha kompyuta cha gari, ambacho nacho kilikuwa kimekufa. Akavuta umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, akaupitisha kwenye fyuzi, akaupeleka kwenye swichi ya presha aliyoifunga ubavuni mwa giaboksi, ile inayojua gia ya juu imeingia, na kutoka hapo mpaka kwenye valvu. Kando ya saa ya mwendo akatoboa tundu dogo na kuweka taa ya kijani: ikiwaka, kufuli limeshika. Akaongeza na kipimo cha joto la mafuta, mshale mwembamba wenye rangi nyekundu mwishoni.

Jaribio la kwanza, shemeji alikaa kando yake. Taa ikawaka, gari likatulia kama limevuta pumzi. Kisebu akatabasamu mpaka masikioni. Kisha mbele yao mtu akakatiza barabara, Kisebu akakanyaga breki kwa nguvu, na injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazimika katikati ya njia.



"Shemeji," yule dereva mstaafu akasema taratibu, kama anayetoa rambirambi. "Umezimisha otomatiki."

"Naona."

"Mimi nimefundisha watu mia na ushei kuendesha. Vichwa maji, walevi, mmoja alikuwa na jicho moja. Wote walizimisha gari. Lakini otomatiki! Hapana, hii ni karama. Umejaliwa."

Alicheka mpaka akafungua mlango ili apate nafasi. Kosa lilikuwa la haraka: kufuli likiwa limeshika na magurudumu yakasimama, injini nayo husimama. Lazima breki iweze kulifungua. Kwa hiyo Kisebu, huku anatukanwa kwa upendo, akaupitisha waya kwenye swichi ya pedali ya breki pia. Sasa ukigusa breki hata kwa unyayo mwepesi, umeme unakatika na kufuli linaachia. Akajaribu peke yake. Mwendo ukapanda, gia ya juu ikaingia, taa ikawaka. Akagusa breki, taa ikazima. Akaachia, ikarudi. Mshale wa joto ukalala chini kama mbwa aliyeshiba. Kisebu akamshukuru Mungu kwa sauti, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Akampa shemeji ufunguo. Wakatoka. Mwendo ukapanda, gia ya juu ikaingia. Taa haikuwaka.

"Ngoja kidogo," Kisebu akasema.

Wakangoja. Walipita shule, walipita kiwanda cha matofali. Taa giza.

"Labda ina haya," shemeji akasema. "Imemwona mkubwa."

Wakabadilishana viti. Taa ikawaka mara moja. Wakabadilishana tena. Giza. Kisebu akabadilisha fyuzi, akakaza kila waya, akaifungua swichi ya presha na kuifunga upya. Akiendesha yeye, kijani. Akiendesha shemeji, hakuna kitu, na mshale wa joto unaanza kutambaa kwenda kwenye nyekundu. Siku mbili alikula bila kujua anakula nini. Jumamosi ilikuwa inakuja, na uso wa shemeji ulianza kupoteza utani. Safari ya tatu ya majaribio aliendesha kimya, na hiyo kwa mtu yule ilikuwa dalili mbaya kuliko moshi.

"Sema tu, shemeji," alisema walipokuwa wanarudi. "Kama gari limenikataa, limenikataa. Nitapanda basi."

 Bisibisi ilimteleza Kisebu mapajani ikaanguka, akainama kuiokota, na akiwa ameinama akaona miguu ya shemeji yake. Wa kulia ulikuwa kwenye pedali ya mafuta, mahali pake. Wa kushoto ulikuwa umetua juu ya breki. Haukukanyaga. Ulikuwa umekaa tu, mwepesi, kama kuku juu ya mayai, vile dereva wa lori anavyoupumzisha mguu juu ya klachi safari nzima. Ulikosa klachi, ukajitafutia pedali ya jirani.

Kila kitu kikamjia kwa pamoja. Ndiyo maana pedi za breki za gari lile ziliisha kama sabuni ya wageni. Ndiyo maana taa iliona haya.

Alifungua mdomo. Utani mtamu kuliko wote aliowahi kupata maishani ulikuwa umekaa kwenye ncha ya ulimi. Dereva wa matela, mwalimu wa walevi, anaendesha huku ameshika breki! Kisha akaikumbuka ile mikono magotini. Mtoto akisikia kwamba kosa ni la mguu wa baba, na si la gari, hatauza gari tu. Atachukua na ufunguo, na leseni, na baba mwenyewe atakubali, na hilo ndilo baya zaidi. Kisebu akafunga mdomo. Wanaomfahamu wanajua kwamba huo ulikuwa muujiza.

Leo wote wawili wametangulia, shemeji kwanza na Kisebu baadaye, ndiyo maana jambo hili linaweza kuandikwa bila kumuumiza mtu. Wakati huo lilijulikana na Kisebu na dada yake tu. Kisebu alimfuata dada jikoni, akafunga mlango, akamweleza kwa kunong'ona.

Dada aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yakamtikisika muda mrefu.

"Mwambie basi aondoe mguu," alisema alipoweza kusema.

"Dada, utamwambia wewe?"

"Mimi nilimwambia avue kofia mezani tangu tulipooana. Umeiona kofia?"

"Nimeiona. Ilikula nasi juzi."

"Basi mguu huo hautoki kwa maneno." Dada akakaa kwenye kigoda, akafikiri. "Mtoto mwenye kidole mdomoni humpigi. Unampa kitu cha kushika."

Kisebu alimtazama dada yake kama aliyeona malaika ameshika mwiko.

"Lakini usimdanganye," dada akaongeza haraka. "Mungu hapendi uongo, na Jumamosi tunakwenda kwa mama."

"Nani amesema uongo? Nitamwambia akanyage. Kukanyaga si uongo."

"Kisebu!"

"Nitamwambia taa itawaka. Itawaka. Uongo uko wapi hapo, dada? Nionyeshe niutubu mapema."

Kwenye rundo la vyuma chakavu alipata pedali ya klachi ya lori kuukuu, raba yake imelika katikati kwa unyayo wa madereva wasiojulikana. Akaichomelea bawaba, akaifunga upande wa kushoto kabisa, mbali na breki, na chini yake akaweka springi laini na swichi inayotoa mlio, taki! Kutoka kwenye swichi akavuta nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, akazipitisha vizuri chini ya zulia, na huko chini ya zulia, zilikofika, zikaishia. Akazizungushia tepu, kila moja peke yake, kama wachumba walioachana.

Shemeji alipoiona pedali, alisimama mlangoni mwa gari kama mtu aliyemkuta rafiki wa jeshini.

"Hii nini?"

Kisebu akajikaza. "Shemeji, sikiliza. Tatizo limejulikana. Gari hili lilikuwa linamtaka dereva wa miguu miwili, na mimi nililitengeneza kwa wa mguu mmoja. Gia ya juu ikiingia, unakanyaga hii kwa kushoto, unauacha mguu hapo hapo. Taa ikichelewa, usiwe na wasiwasi, ongeza mwendo. Ukitaka kusimama, breki kwa kulia. Mguu wa kushoto usiende popote pengine. Popote."

"Nilijua!" Shemeji akapiga paa la gari kwa kiganja. "Nilijua tangu siku ya kwanza! Nikawaambia, gari hili lina upungufu!"

"Kweli kabisa," dada akasema kutoka mlangoni, akageuka upesi kurudi ndani.

Jumamosi waliondoka baada ya kusali. Shemeji usukanini, kofia kichwani, mtoto wake kando yake, Kisebu na dada nyuma. Mtoto alikuja na madumu mawili ya maji na mwavuli mkubwa, na aliyaweka kwenye buti mbele ya macho ya baba yake.  Mpaka chini ya mlima dada alikuwa anasogeza midomo, na Kisebu, ambaye dua zake kwa kawaida zilikuwa na mzaha ndani yake, alisali bila mzaha hata kidogo: Mola wangu, mguu ule ukae pale pale.

Mlima ukaanza. Gia ya juu ilikuwa ndani. Taki! ikasikika kutoka chini kushoto. Kitambo kidogo, kisha taa ya kijani ikawaka.

"Mnaona?" shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye juu ya tela. "Gari linamjua mwenyewe."

Lile jiwe la dada wakalipita. Mtoto hakulitazama. Alikuwa anautazama mshale wa joto, ameinama mbele, kama anayesubiri majibu ya mtihani. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama, ukabaki hapo. Lori lililobeba mbao likawa mbele yao, shemeji akagusa breki kwa mguu wa kulia, taa ikazima, akalipita, taki, taa ikarudi. Walifika juu, na hakuna aliyefungua boneti. Maji ya yale madumu mawili yakaishia kumwogesha mama mkwe.

Wakati wa kurudi, shemeji alimrushia mtoto wake ufunguo.

"Endesha wewe. Ujifunze, siku nikiumwa usimtese mama yako."

Kisebu akajikuta amekaa wima. Hilo hakulipanga. Akamtazama dada, dada akamtazama yeye, na wote wakatazama dirishani, kila mmoja la kwake.

Mtoto alikuwa dereva mzuri, wa gari dogo, mguu mmoja kazini na wa pili umelala sakafuni. Shemeji kando yake alikuwa bado anavuta mkanda uliokwama, anaulaumu. Barabara ikanyooka, mwendo ukapanda, gia ya juu ikaingia. Na taa ya kijani ikawaka yenyewe, bila kuombwa na mtu.

Mtoto akaiona. Akaitazama pedali ya kushoto, ambayo hakuigusa. Akaitazama taa tena. Halafu akainua macho kwenye kioo, akamwona mjomba wake ambaye ghafla alikuwa anavutiwa sana na mashamba ya watu, na mama yake ambaye alipatwa na kikohozi kisichokuwapo asubuhi.

Shemeji akafaulu kufunga mkanda. Akanyoosha shingo. "Unangoja nini? Gia imeshaingia. Kanyaga!"

 Neno moja tu la kijana, na mambo yote yangekuwa wazi: nyaya, tepu, mguu.  Kijana alimtazama baba yake, mzee mwenye kofia aliyekuwa amewafikisha salama, bila kuchemka, bila jiwe, bila basi.

Kisha akainua mguu wake wa kushoto. Taki!

"Imeshika, baba," alisema.

"Si nimekwambia? Usiuondoe sasa."

"Siondoi."

Na hakuuondoa. Aliuacha juu ya ile raba iliyolika mpaka walipoingia uani kwao.